Wyoming na California zina maseneta sawa: Philadelphia walipatanaje mwaka 1787?

Swali: Mwalimu mmoja wa somo la Uraia ameandika hivi: “Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo kuhusu bunge la Marekani. Jimbo la Wyoming lina watu wasiofika laki sita, California inakaribia milioni arobaini, na kila moja lina maseneta wawili. Je, walioandika katiba ile waliona hiyo ndiyo haki? Na upande wa kutetea usawa wa majimbo useme nini chenye uzito?”

Jibu: Mwalimu, wengi wao hawakuiona kuwa haki. Usawa wa kura katika Seneti, yaani nyumba ya juu ya Bunge, ulipita katika mkutano wa katiba mjini Philadelphia tarehe 16 Julai 1787 kwa majimbo matano dhidi ya manne. Jimbo moja kura yake iligawanyika, na matatu hayakuwa na kura kabisa siku hiyo. Yalikuwa mapatano ya watu waliokuwa wamechoka kuvutana kwa wiki saba, na waliokuwa na sababu za kuogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana ningewashauri wanafunzi waanze na hesabu zenyewe, kisha ndipo wazungumze habari ya haki.

Kwanza waelewe kilichokuwepo kabla. Mkataba wa Shirikisho ulioanza kutumika mwaka 1781 uliweka bunge la nyumba moja. Kila jimbo lilituma wajumbe kuanzia wawili hadi saba, lakini wajumbe hao kwa pamoja walikuwa na kura moja tu. Mambo mazito kama vita, mikataba na fedha yalihitaji majimbo 9 kati ya 13, na kubadilisha Mkataba kulihitaji yote 13. Bunge hilo halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliyaandikia majimbo kuomba michango, na majimbo yalitoa yalichotaka. Pendekezo la mwaka 1781 la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia nchini lilikufa kwa sababu Rhode Island, jimbo dogo, ilikataa. Pendekezo la pili, la mwaka 1783, lilikwama New York, ambayo haikuwa ndogo. Jambo hilo lina maana kwa mdahalo wenu: kilichoua Mkataba ni kila mmoja kuwa na uwezo wa kuwazuia wote, si kura sawa peke yake. Watu huyachanganya mambo haya mawili, na upande unaopinga usawa hupoteza hoja hapo.

Mkutano wa Philadelphia ulipangwa kuanza tarehe 14 Mei 1787, akidi ikapatikana tarehe 25. Kwa jumla walihudhuria wajumbe 55 kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu. Kabla ya hoja yoyote ya katiba lilizuka swali la utaratibu: mkutano wenyewe upigeje kura? Wajumbe wa Pennsylvania walitaka majimbo makubwa yakatae tangu mwanzo kuwapa wadogo kura sawa. Wa Virginia waliwazuia, wakihofia mkutano uvunjike kabla haujaanza. Hivyo kila jimbo likapata kura moja, ndani ya mkutano uliokuja kuamua kama kila jimbo liendelee kuwa na kura moja. Yeyote anayeandaa mkutano wa katiba ajue kwamba kanuni za upigaji kura za siku ya kwanza hupunguza machaguo ya siku ya mwisho. Delaware ililijua hilo: barua ya uteuzi ya wajumbe wake iliwakataza kukubali mabadiliko yoyote ya kanuni ya jimbo moja kura moja.

Hofu ya wadogo ilikuwa na msingi

Tarehe 29 Mei Edmund Randolph aliwasilisha Mpango wa Virginia, ambao kwa sehemu kubwa ulitokana na fikra za James Madison, mjumbe mwenzake wa jimbo hilo. Bunge liwe na nyumba mbili. Uwakilishi ufuate ama michango ya fedha ama idadi ya watu huru. Nyumba ya chini ichaguliwe na wananchi. Kisha kuna kifungu ambacho vitabu vingi vya shule hukipita haraka: nyumba ya juu ichaguliwe na nyumba ya chini, kutoka katika majina yaliyopendekezwa na mabunge ya majimbo. Maana yake, anayetawala nyumba ya kwanza anaiteua ya pili. Tena Bunge hilo lingekuwa na uwezo wa kufuta sheria za majimbo.

Sasa weka idadi. Katika mgao wa kwanza wa viti 65 uliokubaliwa baadaye, Virginia ilipata 10, Massachusetts 8 na Pennsylvania 8. Hayo matatu peke yake ni viti 26 kati ya 65. Delaware ilipata kimoja. Mtu wa Delaware aliyekuwa na kura moja kati ya 13 angebaki na moja kati ya 65 katika nyumba ya chini, na katika nyumba ya juu angesubiri kuteuliwa na haohao wakubwa.

William Paterson wa New Jersey alijibu tarehe 15 Juni kwa mpango wa kubaki na nyumba moja na kura sawa, lakini Bunge lipewe ushuru wa forodha na uwezo wa kusimamia biashara. Yaani wadogo walikuwa tayari kuipa serikali kuu nguvu zaidi. Walichokataa ni kuiona ikiwa mikononi mwa wengine. Tarehe 19 Juni mpango huo uliangushwa kwa majimbo 7 dhidi ya 3, Maryland ikigawanyika.

Hoja za wakubwa zilikuwa nzuri, na wanafunzi wazijue vyema. Madison aliuliza: haya majimbo makubwa matatu yana maslahi gani ya pamoja ya kuyafanya yaungane dhidi ya wadogo? Massachusetts ilitegemea samaki, Pennsylvania unga, Virginia tumbaku. James Wilson wa Pennsylvania aliuliza kama serikali inaundwa kwa ajili ya wanadamu, au kwa ajili ya viumbe vya kufikirika vinavyoitwa majimbo. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote yaliyoulizwa pale, na kwa maoni yangu hakuna aliyelijibu moja kwa moja.

Jibu la karibu zaidi lilitoka Connecticut. Roger Sherman alipendekeza tarehe 11 Juni kwamba nyumba ya chini ifuate watu na ya juu impe kila jimbo kura moja. Siku hiyo lilikataliwa kwa 6 dhidi ya 5. Wenzake Oliver Ellsworth na William Samuel Johnson waliijenga hoja hiyo mwishoni mwa mwezi: Muungano huu ni wa watu kwa baadhi ya mambo, na ni wa majimbo kwa mambo mengine. Jimbo lina sheria zake, mahakama zake, madeni yake. Likiachwa bila njia ya kujitetea ndani ya Bunge, litamezwa. Hapa ndipo upande wa usawa usimamie, Mwalimu. Wasiseme “jimbo dogo lina haki sawa na kubwa,” maana Wilson amekwisha kuwajibu. Waseme kwamba mkataba kati ya serikali zilizokwisha kuwepo hauwezi kuwafuta walioufunga.

Gunning Bedford wa Delaware hakutumia lugha ya upole kiasi hicho. Tarehe 30 Juni aliwaambia wakubwa kwamba yeye hawaamini wao, na kwamba wakiuvunja Muungano wadogo watatafuta rafiki wa nje wa kuwashika mkono. Alilaumiwa kwa maneno hayo. Lakini siku mbili baadaye kura ilikuwa sare.

Sare ya tarehe 2 Julai ilitokana na watu wawili. Daniel of St. Thomas Jenifer wa Maryland alichelewa kufika ukumbini, hivyo Luther Martin aliyekuwa peke yake akaipigia Maryland kura ya usawa. Georgia ilikuwa na wajumbe wawili tu siku hiyo. Abraham Baldwin, mzaliwa wa Connecticut, akaenda kinyume na mwenzake, na kura ya jimbo ikagawanyika. Matokeo: 5 kwa 5. Likaundwa jopo la mjumbe mmoja kutoka kila jimbo, Elbridge Gerry wa Massachusetts akiwa mwenyekiti. Tarehe 5 Julai wakaleta kifurushi: mwakilishi mmoja kwa kila watu 40,000 katika nyumba ya chini, kura sawa katika ya juu, na miswada ya fedha ianzie nyumba ya chini bila nyumba ya juu kuigusa.

Kipengele hicho cha fedha kilitangazwa kuwa ndicho walichopata wakubwa. Madison alisema hakina thamani, na alikuwa sahihi: Agosti kiliondolewa, Septemba kikarudi kikiwa kimelegezwa, Seneti ikiruhusiwa kuirekebisha miswada hiyo. Walichopata wadogo kilibaki kizima. Mapatano ya namna hii yakivunjwa vipande na kujadiliwa kimoja kimoja, mwenye kipande dhaifu hudhulumiwa, na kamati inayoleta kifurushi inapaswa kudai kipigiwe kura na kulindwa kikiwa kizima.

Hatimaye tarehe 16 Julai Connecticut, New Jersey, Delaware, Maryland na North Carolina zilisema ndiyo. Pennsylvania, Virginia, South Carolina na Georgia zilisema hapana. Massachusetts iligawanyika, Gerry na Caleb Strong wakikubali, Rufus King na Nathaniel Gorham wakikataa. New York isingepiga kura kwa sababu wajumbe wake wawili, Yates na Lansing, walikuwa wameondoka tarehe 10 kwa kutopendezwa na mwelekeo. New Hampshire ilifika tarehe 23. Kesho yake asubuhi wajumbe wa majimbo makubwa walikutana kuona kama wanaweza kugoma, wakashindwa kuafikiana.

Waliohesabiwa bila kupiga kura

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu ya habari, tena nusu iliyo rahisi. Madison mwenyewe alisema tarehe 30 Juni kwamba mgawanyiko halisi haukuwa kati ya wadogo na wakubwa, bali kati ya majimbo yenye watumwa wengi na yasiyo nao. Tazama orodha ya kura hapo juu: Georgia, jimbo lenye watu wachache, lilipiga kura pamoja na wakubwa, kwa sababu lilitarajia kukua na lilitarajia watumwa wake wahesabiwe.

Kanuni ya tatu kwa tano, yaani kuhesabu watumwa watano kama watu watatu, haikubuniwa Philadelphia. Ilitoka katika pendekezo la mwaka 1783 la kubadilisha msingi wa michango ya majimbo kutoka thamani ya ardhi kwenda idadi ya watu. Wakati ule, kwa kuwa kuhesabiwa kulimaanisha kulipa, majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe kidogo na ya kaskazini yalitaka wahesabiwe zaidi. Mwaka 1787, kuhesabiwa kulipomaanisha viti, kila upande uligeuka. Wilson aliileta kanuni hiyo tarehe 11 Juni ikapita kwa 9 dhidi ya 2. Paterson aliuliza kwa nini watumwa wawakilishwe katika Bunge la taifa ilhali hawawakilishwi katika bunge la jimbo lao wenyewe. Hakupata jibu la maana, kwa sababu halikuwepo.

Uzito wake unaonekana katika sensa ya mwaka 1790. Virginia ilikuwa na watu 747,610, na kati yao 292,627 walikuwa watumwa. Watu huru: 454,983. Ongeza tatu kwa tano ya watumwa, unapata takriban 630,560. Pennsylvania ilikuwa na watu huru 430,636 na watumwa 3,737, jumla ya kugawia viti ikawa 432,879 hivi. Katika mgao wa mwaka 1792 Virginia ilipata viti 19, Pennsylvania 13. Tofauti ya watu huru kati ya majimbo hayo haikufika 25,000, na tofauti ya viti ilikuwa sita. Viti hivyo vilitokana na watu waliofungwa minyororo, vikatumiwa na waliowafunga. Na kwa kuwa idadi ya wajumbe wa kila jimbo wanaomchagua rais hupatikana kwa kujumlisha viti vyake vya nyumba zote mbili, faida hiyo iliingia hadi katika uchaguzi wa rais.

Mimi naona dhuluma hii ilikuwa kubwa kuliko ya Seneti, na inasikitisha kwamba midahalo mingi huanza na kumalizika na maseneta wawili. Anayeunda bunge aulize kwanza nani anahesabiwa na kama anayehesabiwa ana sauti. Kura sawa au zisizo sawa za majimbo ni swali linalofuata.

Vifungu vidogo vilivyoamua mengi

Sensa kila miaka kumi iliwekwa kwa makusudi. Gouverneur Morris wa Pennsylvania alitaka Bunge liachiwe kugawa viti kwa hiari yake, kwa hofu kwamba majimbo mapya ya magharibi yangewazidi ya pwani. Randolph na wenzake walisisitiza hesabu ya lazima, kwa sababu walio na viti hawagawi upya kwa hiari. Walikuwa sahihi, na hata lazima yenyewe ilivunjwa: baada ya sensa ya mwaka 1920 Bunge la Marekani halikugawa viti upya kwa muongo mzima. Alabama iliendelea kutumia mgawanyo wa sensa ya mwaka 1900 katika bunge lake la jimbo hadi miaka ya 1960, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaingilia kati mwaka 1964 katika shauri la Reynolds dhidi ya Sims. Ikaamua kwamba nyumba zote mbili za bunge la jimbo zifuate idadi ya watu, na kwamba kuiga Seneti ya taifa ndani ya jimbo si hoja, kwa kuwa wilaya hazikuwahi kuwa nchi huru zilizoungana.

Tarehe 23 Julai iliamuliwa kila jimbo liwe na maseneta wawili, na kila mmoja apige kura yake mwenyewe. Luther Martin alipinga, kwa haki kabisa kwa upande wake: maseneta wawili wa jimbo moja wakitofautiana, jimbo halina tena sauti, wana sauti wao. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo hadi mwaka 1913, Marekebisho ya 17 yalipowapa wananchi kazi hiyo. Tangu hapo hoja ya Ellsworth kwamba Seneti hulinda serikali za majimbo imepungua nguvu sana.

Kenya ilichagua njia nyingine katika Katiba ya mwaka 2010. Kwa masuala yanayohusu kaunti, Ibara ya 123 inaipa kila kaunti kura moja, na seneta aliyechaguliwa huipiga kama kiongozi wa ujumbe wa kaunti yake. Kwa sensa ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Lamu 143,920, uwiano wa takriban 31 kwa 1. Lakini Seneti ya Kenya haina nguvu sawa na Bunge la Taifa katika kila muswada, hivyo uzito wa uwiano huo unapungua.

Tanzania imemlinda mdogo bila nyumba ya pili. Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kati ya 61,741,120 katika sensa ya mwaka 2022, karibu asilimia 3, na katika uchaguzi wa mwaka 2020 ilikuwa na majimbo ya uchaguzi 50 kati ya 264, karibu asilimia 19. Juu ya hapo, Ibara ya 98 ya Katiba inataka baadhi ya mambo ya Muungano yabadilishwe kwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali. Kinga hiyo ya kuhesabu pande mbili hufanya kazi kwa mambo yaliyotajwa tu. Seneti ya Marekani hufanya kazi kwa kila muswada, hata wa barabara na wa ruzuku za mashamba, na hapo ndipo kinga inapogeuka kuwa mamlaka.

Kifungu cha mwisho ni kufuli. Tarehe 15 Septemba, siku mbili kabla ya kutia sahihi, Morris alipendekeza Ibara ya 5 ya Katiba ya Marekani, inayohusu kuibadilisha Katiba, iseme kwamba hakuna jimbo litakalonyimwa kura yake sawa katika Seneti bila ridhaa yake. Ilipita bila mtu kupinga. Mwaka 1790 Virginia ilikuwa na watu takriban mara 13 ya Delaware yenye watu 59,096. Mwaka 2020 California, yenye watu 39,538,223, ilikuwa karibu mara 69 ya Wyoming yenye 576,851. Mapatano ya uwiano wa 13 yanabeba uwiano wa 69, na funguo wanazo wale wanaofaidika. Upande unaopinga ujenge hoja yake hapa. Mtu anaweza kukubali kura sawa ilikuwa ya lazima mwaka 1787 na bado akasema kuifunga milele lilikuwa kosa. Upande wa kutetea una jibu la kweli pia: Delaware iliridhia Katiba kwanza kabisa, tarehe 7 Desemba 1787, kwa kura 30 kwa sifuri, na New Jersey siku kumi na moja baadaye kwa 38 kwa sifuri. Wadogo waliopewa kinga ndio waliokuwa wepesi zaidi kuipa serikali kuu nguvu.

Kwa zoezi la darasani kabla ya mdahalo, wape wanafunzi idadi hizi za kugawia viti za mwaka 1790: Virginia 630,560, Massachusetts 475,327, Pennsylvania 432,879, Delaware 55,540. Wagawe kila moja kwa 30,000, waangalie mabaki. Bunge lilipitisha muswada wa viti 120 uliowapa kiti cha ziada wenye mabaki makubwa: Virginia 21, Massachusetts 16, Pennsylvania 14, Delaware 2. George Washington aliukataa tarehe 5 Aprili 1792, ikiwa ni mara ya kwanza rais kutumia turufu, kwa sababu hapakuwa na kigawanyo kimoja kwa majimbo yote, na manane yalipata zaidi ya kiti kimoja kwa watu 30,000, kinyume na Katiba. Kisha wagawe kwa 33,000 na kutupa mabaki yote, kama ilivyofanywa katika sheria ya viti 105: 19, 14, 13, na Delaware 1. Wakimaliza, waulize Delaware ilistahili viti vingapi kati ya 105 kwa hesabu kamili. Ni 1.61. Virginia ni 18.31, ikapewa 19. Kundi moja litetee kigawanyo kilichoiumiza Delaware na jingine likipinge, halafu wabadilishane.